Nyumba ya Nyuma, Nyarutarama

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusimulia. Tangu nirudi Nzega siwezi kununua hata nyanya bila mtu kunishika mkono: "Mama Kabula, hebu tuambie, ni kweli?" Na kila nikisimulia, kisa kinaota mkia mwingine. Juzi nimesikia kwenye mashine ya kusaga kwamba nilimkimbiza mkwe wangu Mwingereza kwa fimbo mjini Kigali. Si kweli. Yeye ndiye aliyenikimbiza mimi. Basi kaeni msome mara moja, na jirani yetu Mama Hoka awasomee wasio na miwani.

Mnajua nilikokwenda na kwa nini. Kabula ni mwanangu wa pekee, ameolewa na Mwingereza anayefanya kazi ya mabomba ya maji huko Rwanda. Mimba yake ya kwanza iliharibika, nami sikwenda. Nilikuwa nimenuna kwa sababu ndoa ilifungwa mbali, nikasema ana Wazungu wake, watamtunza. Akaugua bila mama. Neno hilo limenikaa kooni miaka miwili. Safari hii alipoingia mwezi wa tisa nikaapa: nitakwenda, nitamkanda, nitampikia uji, nitakaa naye siku arobaini. Si thelathini na tisa.

Ninyi mlikuwa na lenu. Mliniagiza nihesabu. "Huko wanakokaa Waingereza kuna watu gani? Kuna mtu hata mmoja wa kukuamkia?" Nimehesabu. Majibu yako mwishoni, na msiruke kurasa.

Nzega hadi Rusumo, na msiba wa dereva

Nilibeba kikapu cha michembe, karanga, chupa ya samli na unga wa uwele kilo kumi. Nililala Kahama kwa binamu, na alfajiri nikapanda basi la mpakani. Tulikwenda vizuri mpaka tulipoipita Ushirombo. Hapo basi likaacha lami, likaingia njia ya vumbi na kusimama mbele ya nyumba iliyofungwa turubai.

"Wazee wangu, mama zangu, samahanini," dereva akasema, kofia mkononi. "Hapa ni ukweni. Amefariki baba mdogo wa mke wangu. Dakika kumi tu."

Nani anakaa garini wenzake wakilia? Tulishuka sote, tukatoa pole, tukakaa mkekani. Dakika kumi zikawa saa mbili, kwa sababu wali ulikuwa bado jikoni na huwezi kuondoka msibani wali ukinukia. Tulikula. Abiria mmoja wa siti ya nyuma alilia sana kuliko wafiwa, na hakuwa anamjua marehemu hata kwa picha.

Tulipokuwa tunapanda, mama mmoja akatokea pembeni mwa nyumba na ndoo ya maji. Dereva wetu, jitu la kilo mia na ushee, akajirusha chini ya basi. Yule mama naye akatua ndoo, akajifunika kanga uso mzima na kugeukia ukuta. Vijana wawili wa Kampala waliokaa karibu yangu wakauliza kama dereva ni mwizi.

"Ni mama mkwe wake yule," nikawaambia.

Nikawaeleza kama ninavyowaelezeni ninyi msio wa kwetu, mlioolewa hapa. Sisi mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawatajani majina, hawasemeshani, hawali pamoja, na juu ya yote hawalali chini ya paa moja. Mwiko huo unaisha siku mama mkwe atakapopika kwa mkono wake, akampelekea mkwewe na kula naye sahani moja. Hapo amemfungua. Dereva wetu alikuwa na miaka kumi na mbili ya ndoa hajafunguliwa. Mama yangu mimi aliingia kaburini hajamfungua mume wangu marehemu, Masanja, na siku ya maziko Masanja alilia mpaka tukamshika.

Basi likarudi lamini. Nikajiuliza, wangu mimi Mwingereza atajua nini? Nikajijibu kwamba Kabula atakuwa amemwambia.

Darajani

Upande wa Rwanda binti mmoja mwenye sare safi alifungua mizigo yangu mezani.

"Mama, sashe hairuhusiwi."

"Huo ni unga, mwanangu."

"Unga haina shida. Sashe ndiyo iko na shida."

Kumbe mfuko wa nailoni huko hauvuki mpaka. Nikavua foronya ya mto wangu wa safari, nikamwagia unga wa uwele humo mbele ya foleni nzima, nikafunga kwa utepe wa kilemba. Kisha akafika kwenye michembe. Akachukua kipande kimoja, akakigonga mezani.

"Na hii miti ni ya nini?"

"Si miti, ni viazi vitamu. Vimechemshwa, vikakatwa, vikaanikwa."

"Iko ngumu sana."

"Tafuna taratibu."

Akatafuna. Foleni ikasubiri. Akaniomba kipande cha pili, akamwita mwenzake naye akatafuna, na mwenzake akamwita mkubwa wao. Nilipotoka pale kikapu kilikuwa kimepungua hadi nusu, lakini nilikuwa na marafiki watatu serikalini.

Ng'ambo ya daraja magari hupita kulia, na saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo zile mbili za msibani nilirudishiwa moja. Nilipanda basi dogo la Kigali. Nilifumba macho kila lori lilipotokea mbele, mpaka Kayonza nilipozoea.

Nyabugogo

Kituo cha Nyabugogo kina watu wengi, na wote wanajua waendako isipokuwa wewe. Nilishuka na foronya kichwani na kikapu mkononi, nikawa natafuta sura ya Kabula. Nikasikia, "Mama! Mama! Karibu sana!"

Hakuwa Kabula. Alikuwa yeye. Jina lake siliandiki, mnajua kwa nini. Mrefu, mwekundu kwa jua, mikono ameitanua pande zote mbili. Wenzangu, alikuwa anakuja kunikumbatia.

Niliangusha kikapu, nikajifunika kanga na kuzunguka nyuma ya basi. Yeye akadhani nimepotea njia. Akazunguka upande wa pili kunisaidia. Nikarudi nilikotoka. Akarudi naye. "Mama, mimi iko hapa! Usiogope!" Tulilizunguka lile basi mara mbili na nusu, vijana wa pikipiki wakishangilia, mmoja akiniambia nikate kona. Mwishowe nikaingia dukani kwa muuza betri, nikachuchumaa nyuma ya meza. Hapo ndipo Kabula akatokea, na tumbo lake mbele, anahema.

"Mama, unafanya nini?"

"Hukumwambia?"

"Nilidhani hayo mambo umeshayaacha. Si una WhatsApp?"

Nyumba ya mbele

Wanakaa Nyarutarama, mtaa wenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Nilikwenda nimekaa kiti cha nyuma, kanga usoni, nikichungulia kwa jicho moja ili nianze kuwahesabia Waingereza wenu. Sikuona hata mmoja. Niliona walinzi wamekaa kwenye viti vya plastiki, wapishi wakinunua mboga kwa mama mmoja mwenye beseni, na dereva akiosha gari ambalo halikuwa chafu.

Mkwe alikuwa amenitayarishia chumba. Amekipaka rangi ya njano kwa mkono wake mwenyewe, Kabula aliniambia, siku tatu, na amekwenda Gisozi kwa mafundi wa mbao kunichongeshea kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa kirefu kwenda juu, basi akarudi tena Gisozi kuchongesha kigoda cha kupandia. Nilikitazama kile kigoda. Kilikuwa na miguu mitatu, kizuri, laini kama mgongo wa paka. Roho iliniuma. Lakini nitafanyaje? Ukuta wa chumba changu ulikuwa ndio ukuta wa chumba chao.

"Siwezi kulala humu," nikamwambia Kabula.

Akamweleza mumewe. Nilimsikia sebuleni akiuliza, na Kiswahili chake, ambacho amefundishwa na mlinzi wa getini, kiliniingia vizuri sana: "Mama hapendi nyumba? Ao ni mimi hapendi?"

Jirani wa kulia alikuwa Mwingereza mwenzake, mjane anayeitwa Bi Margaret. Huyo alinikaribisha kwa moyo wote, akanionyesha kitanda kilicholaliwa na mbwa. Mbwa hakuinuka. Nikashukuru, nikatoka.

Nilipata hifadhi mwisho wa mtaa, kwa Mama Josiane, mfanyabiashara wa vitenge soko la Kimironko. Aliposikia habari yangu hakucheka. "Mana yangu! Hata kwetu mukwe anaheshimu nyina wa muke wake. Hawezi kula mbele yake. Weye mukecuru ulale hapa." Mukecuru kwao ni bibi kizee.

Kwa Mama Josiane

Sasa hapa ndipo nilipoharibu, na hili sijamsimulia mtu.

Jioni ile tulikaa barazani tukinywa chai, mimi, Mama Josiane na mumewe, mtu wa ofisini, mpole, mwenye suti hata nyumbani. Walinipenda. Nami nikataka kuwatania, si mnajua sisi Wanyamwezi? Hatuwezi kumaliza kikombe bila utani. Nikasema kwa sauti ya juu, nikicheka, "Haya, ninyi kabila gani, nijue kama ni watani zangu!"

Kijiko cha yule bwana kikasimama kikombeni. Mlinzi aliyekuwa akimwagilia maua akageuka na mpira wake wa maji. Kwetu swali hilo ni la kufungulia mlango. Akisema Mgogo, tumeanza, nitamwuliza amefuata nini mjini. Pale lilifunga kila mlango.

Mama Josiane hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniongeza chai.

"Mukecuru, hapa hiyo swali hatuulizi. Tulilia sana juu yake. Weye uliza mutu alikulia wapi, ataongea mpaka chai ipoe."

Nilijua. Nani wa umri wangu asiyejua? Daraja nililovuka nikigawa michembe ni lile lile walilovuka watu wakikimbia mwaka wa tisini na nne. Mdomo tu ulitangulia akili. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, nikaomba radhi mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

"Kaa, mama," yule bwana akasema. "Mimi nilikulia Masaka, Uganda. Tulikuwa tunalala watoto saba kwenye kitanda kimoja, wa pembeni anaamka chini." Na akaanza kucheka mwenyewe kwa kukumbuka.

Basi wakanihesabia mtaa mzima. Mama Josiane alikulia Bujumbura. Wa nyumba ya mkabala alikulia Bukoba, kwetu kabisa, na mpaka leo huagiza senene. Anayefuata ni Mhindi, mzaliwa wa Kampala. Mlinzi wa kwa mkwe wangu, Inosenti, alikulia Goma. Msichana wa jikoni, Speransi, ni wa Ngozi, Burundi. Waingereza walikuwa wawili tu, Bi Margaret na mkwe wangu.

"Na nani aliyekulia hapa hapa Kigali?" nikauliza.

Wakatazamana, wakafikiri sana.

"Mbwa wa Margaret," akasema Mama Josiane.

Nyumba ya nyuma

Kulala mwisho wa mtaa hakukufaa. Kabula aliamka na maumivu ya mgongo, na mimi niko mageti sita mbali. Siku ya nne, nikipeleka majivu uani, ndipo nikaiona dawa. Kila ukuta kule umezunguka nyumba mbili. Ya mbele ndiyo hiyo yenye vioo. Ya nyuma ni ndogo, ya vyumba vitatu mstari mmoja, kwa ajili ya wafanyakazi. Inosenti alikuwa na chumba, Speransi chumba, na cha tatu kilikuwa na ndoo tupu. Paa lake mbali, jiko la mkaa mlangoni, na watu wa kuongea nao. Niliona Mungu amenijengea.

Nikamwita Kabula. "Nimepata. Nitalala hapa."

Kabula akaanza kulia. "Kwa wafanyakazi, mama? Majirani watasemaje?"

Mkwe alitoka mlangoni. Nikajifunika upesi, nikageukia ukuta. Kwa kuwa hatusemeshani, ilibidi Inosenti asimame katikati ya ua, ingawa tulisikiana vizuri.

"Inosenti, ambia mama, hiyo nyumba ni ya walinzi. Watu watasema muzungu amelalisha mama-mukwe na walinzi. Mimi nitakuwa na haya sana."

"Inosenti, mwambie, kwetu haya ni kulala chini ya paa lake."

"Anasema haya ni kulala chini ya paa yako," akasema Inosenti.

"Nimesikia," mkwe akasema. "Muulize nilikosa wapi. Rangi? Kitanda?"

Sauti yake ilitetemeka. Nikajibu vibaya, wenzangu, kwa sababu nami nilikuwa nimechoka. Nikasema basi la Alhamisi lipo, nitarudi kwetu ambako watu wanaelewa.

Kabula alifuta machozi, akanitazama. "Hata mara ile hukuja," akasema, akaingia ndani.

Inosenti hakulitafsiri hilo. Nilikaa chini juu ya ndoo tupu, na sikuinuka mpaka Speransi akaniletea maji ya kunywa. Ningeweza kusema samahani siku hiyo hiyo. Sikusema. Nilikwenda kwa Mama Josiane kufunga mizigo.

Jumatano asubuhi uchungu ukaanza. Sikukumbuka basi tena. Nilikaa hospitali na mwanangu, nikamshika kiuno, na jioni akajifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya mnada. Kabula akaninong'oneza kwamba ataitwa Masanja, jina la baba yake. Nililia, na manesi wakadhani nimepata habari mbaya.

Siku ya tatu baada ya kujifungua tulirudi nyumbani. Geti likafunguliwa, na nikaona godoro linatembea uani. Chini yake palikuwa na miguu mirefu myekundu. Nyuma akifuata Inosenti na taa ya kusomea, na Speransi na jozi nne za viatu. Mkwe aliweka godoro kwenye chumba cha tatu cha nyumba ya nyuma, akatoka, akageuka akatazama ukuta. Inosenti alikuwa amemfundisha. Akazungumza na ukuta.

"Inosenti, ambia mama. Ile paa ni yake na Kabula na mutoto. Hii paa ni yangu. Siku makumi ine."

Nilisimama pale na mjukuu mkononi, kanga imenidondoka begani, na sikuiokota.

Siku makumi ine

Habari ilifika mwisho wa mtaa kabla ya chai. Walinzi wa nyumba zote walipita mmoja mmoja kuazima kiberiti, waone Mzungu anayekaa nyumba ya nyuma. Mama Josiane alikuja kumpongeza mzazi kama desturi yao, na igikoma, ndiyo uji wao, kwenye chupa ya chai. Akapiga vigelegele hadi mtoto akashtuka. "Uyu ndiye mukwe!" Bi Margaret naye akafikiri ndoa imevunjika. Alimpelekea mkwe keki kwa mlango wa nyuma, akamshika mkono, na kumwuliza Kabula pembeni kama anahitaji wakili.

Mimi nililala kitanda cha Gisozi, napanda kwa kigoda. Nilimkanda mwanangu kwa maji moto na samli, nikampikia uji wa uwele kutoka kwenye foronya. Usiku mmoja nilimwambia lile nililopaswa kumwambia miaka miwili nyuma, naye akaniambia, "Najua, mama. Lala."

Kila asubuhi Speransi alimpeleka mtoto nyumba ya nyuma kwa baba yake. Mkwe akitaka kuvuka ua alikohoa mara mbili, nami nikajificha jikoni. Alikohoa kwa bidii mpaka wiki ya pili Bi Margaret akamletea dawa ya kifua. Alikula isombe, ndiyo kisamvu chao, na ugali na wenzake kwenye karai moja, akajifunza kuosha nepi kwenye beseni, na akashindwa na Inosenti kwenye karata kila jioni. Nilikuwa nikichungulia kwa pazia. Msinicheke.

Siku ya arobaini nilichukua unga uliobaki nikasonga ugali. Nikachemsha michembe ya mwisho kwa karanga. Nikajitwisha kile kigoda, nikavuka ua mimi mwenyewe, bila kukohoa. Alikuwa amekaa mlangoni anashona kifungo cha shati. Akaniona, akashtuka, akageukia ukuta haraka mpaka akajigonga paji la uso.

Nikaweka kigoda, juu yake sahani. Sahani moja.

"Baba Masanja," nikasema. "Geuka."

Hakugeuka. Alimwuliza Inosenti kwa sauti ndogo, "Ni sawa?"

"Ni sawa, bosi," Inosenti akasema. "Mama amekufungua."

Akageuka. Macho yake ni ya kijivu, sikuwa nimeyaona. Tulikula. Tonge lake la kwanza lilimwangukia gotini. Mimi nilimfikiria marehemu mume wangu, aliyeisubiri sahani hiyo maisha yake yote.

Kurudi

Nyabugogo alinibebea kikapu. Vijana wa pikipiki walitutambua, wakaanza kushangilia kabla mambo hayajaanza. Nami, mbele yao wote, nikatanua mikono. Safari hii yeye ndiye aliyerudi nyuma hatua moja. Nilimshika.

Mpakani yule binti wa sare aliuliza kama nimebakiza michembe. Kigoda nimekuja nacho, ndicho nilichokalia nikiandika.

Sasa hesabu yenu. Mliuliza kule wanakokaa Waingereza kuna watu gani. Mama Hoka, andika, na safari hii usiongeze kitu. Nyumba ya mbele: Mnyamwezi mmoja, binti yake, na Masanja. Nyumba ya nyuma: mtu wa Goma, mtu wa Ngozi, na Mwingereza.